Foleni ya Moto wa Mshikamano

Jina la nchi ninayoishi sitalitaja. Kibali changu cha kukaa kinaisha mwezi wa tano, na anayekisaini ni mtu wa kununa. Msomaji ukiitambua, umeitambua mwenyewe, mimi simo.

Niseme tu kwamba ni nchi ya baridi, yenye watu wapole wanaopenda foleni. Siwatanii. Kwetu Muheza mtu akiona foleni anatafuta ubavu wa kupenya; hawa wakiona foleni wanaingia kwanza, halafu ndiyo wanauliza ni ya nini. Nilipofika nilidhani ni adabu. Sasa nimekaa, naona ni dini.

Mimi ni Mwantumu, na kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja mzee, Bibi Valburga, aliyefundisha kinanda enzi zake. Mume alishafariki, mtoto hakujaaliwa, ndugu walikwisha mmoja mmoja. Baridi ilipoanza, daktari alimsikiliza kifua, kisha akanivuta jikoni.

"Mapafu haya hayataki baridi," akaniambia. "Mvushe mpaka miti ichanue. Akifika hapo, ana miaka mingine mbele yake."

Nikamwambia sawa, daktari. Niliona nimepewa kazi nyepesi, maana nyumba ya Bibi ilikuwa na bomba la joto kila chumba, ukilifungua kidogo tu unashinda na kanga.

Bibi mwenyewe hakuogopa kufa. Aliogopa mazishi. "Nilikwenda kumzika jirani yangu," alinisimulia siku moja namkata kucha. "Tulikuwa mimi, padri na mtu wa maua. Padri alikuwa anaangalia saa." Nikamwambia kwetu msiba unajaa hata wasiomjua marehemu, wengine wanafuata pilau. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi siku yangu nipikie hiyo pilau," akasema, "labda na wangu watakuja." Nikamwambia aache maneno hayo, tunangoja miti.

Halafu Jirani Mkubwa akamvamia Jirani Mdogo.

*

Serikali yetu ilikasirika, na hapo siikejeli. Watu walipigwa mabomu wakiwa jikoni wanachemsha chai. Tatizo ni kwamba Jirani Mkubwa ndiye aliyekuwa akituuzia gesi tangu Bibi Valburga hajaota mvi, na nchi nzima ilijengwa juu ya gesi hiyo: mabomba ya joto, tanuri za mikate, kiwanda cha vioo, hata mbolea ya mashambani. Miaka yote hiyo wakubwa walisifiwa kwa busara ya kuipata rahisi. Sasa wakubwa hao hao wakasimama kutushangaa sisi, kwamba tuliwezaje kuizoea.

Nchi ya baridi ina Waziri wa Joto, kama kwetu tulivyo na waziri wa maji na maji hayatoki. Wa huku anaitwa Mheshimiwa Otmar Brisk. Alitokea kwenye televisheni amevaa sweta juu ya sweta.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuanzia leo hatutanunua hata pumzi moja ya gesi ya mvamizi. Kila nyuzijoto mtakayoikosa ninyi, ni risasi atakayoikosa yeye. Baridi yenu ni silaha. Tetemekeni kwa fahari."

Tukapiga makofi, mimi na Bibi, pale pale sebuleni. Nilimwamini, wallahi. Kama baridi yangu inamzuia mtu kuuawa, navaa soksi mbili na nanyamaza.

Kila nyumba ikapangiwa joto lake. Nikambeba Bibi na cheti cha daktari mpaka wizarani kuomba aongezewe. Ofisa alikuwa mwungwana kweli. Alisikiliza, akatukaribisha biskuti, kisha akaeleza kwamba nyongeza hupewa mgonjwa ambaye ameshaugua kwa sababu ya baridi. "Bibi bado," akasema. "Akishaugua, mrudi." Bibi akamshukuru kwa biskuti, tukarudi nyumbani.

Mambo yakaenda yakibana. Kiwanda cha vioo kikafungwa. Mwoka mikate wa mtaani akawa anaoka siku moja, anapumzika siku moja. Dada yangu Mwajabu akanipigia kutoka Muheza kwamba mafuta ya kula hayashikiki, ngano haishikiki, na andazi limekuwa dogo mpaka ni aibu kumwekea mgeni. "Kwani na sisi tumempiga nani?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, dada, na huku wanauliza hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba nalala na koti. Akaguna. Kwake yeye huku Majuu ni peponi, na peponi watu hawalali na koti.

*

Wakimbizi wa Jirani Mdogo walipoanza kuingia, Bibi akasema chumba cha juu kikae mtu. Ndivyo alivyokuja Halyna. Kwao alikuwa daktari wa meno. Huku akapata kuosha vyombo hotelini. Mumewe, Ostap, alikuwa vitani. Simu ikilia kidogo tu, sahani inaweza kumtoka mkononi, kwa hiyo Bibi akanikataza kumpa sahani. Halyna hakuwa msemaji. Jioni alikuwa anakaa miguuni pa Bibi anamsugua vidole, na Bibi anamfundisha kinanda kwa kugonga ukingo wa meza, kwa sababu chumba cha kinanda tulishakifunga ili tubane joto.

Wakati huo wizara ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Joto na Mshikamano. Waziri akaona mshikamano usioonekana haufai. Katikati ya mji, kwenye uwanja wa kanisa kuu, wakasimamisha bakuli la shaba ambalo ungeweza kuogeshea ng'ombe, wakalipitishia bomba chini. Ndani yake ungewaka moto usiozimwa mpaka vita viishe, Moto wa Mshikamano. Moto wa gesi.

Nikajiuliza, gesi si tumeisusa? Gazeti likanielimisha. Gesi ile haikununuliwa kwa Jirani Mkubwa. Ilinunuliwa Nchi ya Kati, ambayo haina kisima hata kimoja lakini ina bomba. Gesi inatoka kwa Jirani Mkubwa, inalala Nchi ya Kati usiku mmoja, asubuhi inaamka raia wa huko, na bei yake imepanda kwa ajili ya malazi. Usiku mmoja tu. Mimi nimelala katika nchi hii miaka na miaka, nimelipa kodi, nimejifunza mpaka wimbo wao wa taifa na beti ambazo wenyewe hawazijui, na kila mwezi wa tano naulizwa nina mpango wa kuondoka lini.

Siku ya kuuwasha walimchagua Halyna awe mgeni wa heshima, abonyeze kitufe. Bendi ilikuwepo, maua yalikuwepo, Waziri alikuwa na sweta jipya lenye rangi za bendera ya Jirani Mdogo. Mimi na Bibi tulikuwa mbele kabisa kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu, kwa hiyo tulisikia yote.

"Gesi hii imetoka wapi?" Halyna akamwuliza Waziri.

"Nchi ya Kati," akasema Waziri, anaitabasamia kamera.

"Nchi ya Kati ina gesi?"

"Ina bomba, bibie."

"Na bomba linaanzia wapi?"

"Bibie," akasema Waziri kwa upole mkubwa, "hii ni sherehe."

Halyna akaangalia kitufe muda mrefu hivi kwamba bendi ikarudia wimbo. Kisha akabonyeza. Moto ukaruka juu, watu wakapiga makofi, Waziri akajifuta jicho. Njiani kurudi Halyna ndiye aliyesukuma kiti cha Bibi, na tulipofika mlangoni akasema, "Nimemlipa anayempiga risasi mume wangu, na wamenipa maua." Bibi akamwambia angekataa. "Ningekataa vipi?" akasema. "Kibali changu wanasaini wao." Nikamwelewa kabisa, nikaenda kuyatia maua majini.

*

Moto ule ulikuwa na kanuni zake, zimechorwa kwenye shaba. Ya kwanza ilisema: Moto huu ni wa kuheshimiwa, si wa kuota. Mtu akikutwa anauota, faini. Lakini kuuheshimu kuliruhusiwa kwa kila raia na kila mgeni. Unapanga foleni, zamu yako ikifika unasimama kimya karibu na bakuli, unatoa salamu ya mshikamano. Salamu hiyo aliibuni Waziri mwenyewe: mikono mbele, viganja wazi, vimeelekezwa motoni. Sidhani Mheshimiwa amewahi kukaa jikoni kwa mtu.

Wazee wa mji walipoiona salamu hiyo, uzalendo ukawapanda. Kufikia wiki iliyofuata foleni ilikuwa inazunguka kanisa. Wazee kwa vizee, na mikongojo, na vigoda vya kukunja, wote wamekuja kumheshimu Jirani Mdogo. Ukishatoa salamu unarudi mwisho wa foleni, unaanza tena. Na mimi kila asubuhi namfunga Bibi blanketi, namsukuma mpaka pale.

Mbele yetu mara nyingi alikuwa Mzee Florian, fundi saa mstaafu, mwenye kofia ya manyoya ya sungura, ambaye kila akituona aliinyanyua kwa Bibi. "Leo nina uchungu mwingi sana na Jirani Mdogo," alikuwa anasema. "Hasa hapa magotini."

Bibi alikuwa anapata rangi usoni, kikohozi kimelegea. Daktari akaja akasikiliza kifua, akaniuliza nampa dawa gani. Nikamwambia mshikamano. Akasema niendelee, nisizidishe wala nisipunguze, kwa hiyo nikaendelea.

Waziri naye akawa mtu mkubwa. Alisafiri kwenye mkutano wa nchi marafiki akaonyesha picha za foleni yetu. "Hakuna taifa lingine," aliwaambia, "ambalo wazee wake wanasimama kwenye theluji, saa nzima, kwa ajili ya jirani." Wakasimama wakampigia makofi. Nchi nyingine zikaagiza mabakuli.

Sijui ni nani aliyeleta watu wa takwimu. Kazi yao ilikuwa kupima mshikamano kila siku ili Waziri apate cha kusema, na wakagundua jambo. Siku ya theluji mshikamano unafika mpaka nyuma ya soko. Siku ya jua, hakuna mtu. Ilipotokea wiki moja ya jua la ghafla, mshikamano wa taifa ukaanguka kabisa, akabaki Mzee Florian peke yake, na yeye alikuwa amepitiwa na usingizi.

Wizara ikaingia hofu. Wakaunda kamati, kamati ikakaa hotelini, maana hoteli zina joto, na ikatoa tamko. Tamko lilisema mshikamano wa wananchi ni wa kweli, isipokuwa umechanganyika na joto. Ili kuulinda usafi wake, vitu hivyo viwili vitenganishwe. Moto uzungushiwe ukuta wa kioo, mrefu kupita mtu, ili wananchi wauone moto na kuuheshimu bila kishawishi chochote.

Kioo kikaagizwa kutoka mbali, kwa meli, kwa sababu kiwanda chetu cha vioo kilishafungwa kwa kukosa gesi.

*

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imerudi na hatukuwa tumesikia habari ya kioo. Foleni ilikuwa ndefu, tukasimama muda wote ule tukijua mwisho wake kuna moto. Bibi alikuwa anaugongagonga mkono wa kiti kwa vidole, anacheza kinanda chake. Zamu yetu ikafika. Nikasukuma kiti mpaka mwisho, Bibi akatoa mikono kwenye glovu, akafungua viganja, akangoja.

"Mwantumu," akasema, "umezimwa?"

"Haujazimwa, Bibi. Ule pale, unawaka."

"Nauona," akasema. "Unaonekana vizuri sana."

Akaweka viganja kwenye kioo. Kioo kilikuwa baridi kuliko upepo. Mlinzi akatukumbusha kwamba ni marufuku kugusa, na kwamba wenzetu wanasubiri. Na kweli walikuwa wanasubiri. Watu wameshaona kwamba hakuna joto, lakini hakuna aliyetoka, kwa sababu walishapanga foleni. Hilo ndilo mpaka leo linanichosha nikilikumbuka. Na mimi nilikuwa humo humo, sikutoka.

Usiku huo kifua chake kikaanza kuunguruma. Nikakimbilia wizarani asubuhi. Ofisa yule yule akafurahi kuona mambo yetu yamekaa sawa. "Sasa anastahili," akasema, akasogeza biskuti. Sikuigusa. Nyongeza ilikubaliwa, mafundi wakaja kufungua bomba la chumbani kwake, vijana wenye adabu, walivua viatu mlangoni. Lilipata moto siku aliyofariki. Mimi na Halyna tulimwosha katika chumba chenye joto zuri, tukiwa na kanga mabegani, na nje miti ilikuwa bado mikavu.

*

Alikuwa ameusia achomwe, kama alivyochomwa mumewe, wawekwe pamoja. Mimi ni Mwislamu, kwetu maiti haichomwi, lakini usia ni usia. Siku yenyewe niliamka nikapika pilau kwa ule mchele wa akiba niliokuwa nimeuficha kabatini, sufuria ndogo tu, ya kututosha mimi, Halyna na padri. Aliiomba mwenyewe. Nikaifunga kwa kitambaa, nikaipakata kwenye basi.

Nyumba ya kuchomea maiti iko nje ya mji. Ofisa wa pale akatueleza kwa heshima kwamba tusiwe na wasiwasi, huduma hii haikuguswa na mgao. Tanuri lazima lifike nyuzi mia nane, sheria inataka hivyo. Nikamwuliza kama gesi ni ya Nchi ya Kati. Akasema ndiyo, ni gesi nzuri. Bibi alikuwa ameomba nyuzi chache tu, mbili tatu juu ya zile walizompa, tukaambiwa turudi akishaugua. Halyna akanishika mkono, nadhani aliona ninataka kusema neno.

Ofisa akafungua mlango wa ukumbi wa waombolezaji. Nilishatayarisha moyo wangu kuona viti vitupu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wamejaa mpaka wengine wamesimama ukutani. Wazee kwa vizee, mikongojo, vigoda vya kukunja. Nikawatambua, ni wa foleni ya Moto: mama mwenye shali la kijani, mapacha wanaogombana, mzee mwenye masikio makubwa. Mbele kabisa Mzee Florian, kofia ya sungura mapajani. Nikalia hapo hapo. Nilitamani niende nikamwamshe Bibi nimwambie, njoo uone, wako wamekuja, ukumbi umejaa kama msiba wa Muheza.

Nikakaa. Ndipo nikalihisi. Ukumbi umepakana na tanuri, ukuta wa mbele wote ni wa moto, na joto linatembea kutoka huko taratibu mpaka kwenye viti vya nyuma. Watu walikuwa wamefungua makoti. Wengine wamevua viatu. Mikono yote imeelekezwa ukutani, viganja wazi, na kila mtu yuko kimya kwa heshima.

Padri hakuangalia saa. Alihubiri juu ya mtu asiyemjua, akarudia, akaongeza sala, akavua skafu akaendelea. Kando yangu Halyna alikuwa analia bila sauti na huku mashavu yake yanapata rangi ambayo sikuwahi kuiona tangu aje.

Ilipokwisha sikujua la kufanya nikafungua sufuria. Wakapanga foleni, bila kuambiwa. Pilau ikawa kijiko kijiko kiganjani, na kila mmoja alinipa pole kwa sauti ya chini kabla ya kula. Mzee Florian alikuwa wa mwisho.

"Mlikuwa mnafahamiana na marehemu?" nikamwuliza, kwa ubaya, nakiri.

"Tulisimama pamoja," akasema. Kisha akasogea, akaninong'oneza kama mtu anayeona aibu kuomba maji. "Kesho yupo mwingine?"

Nilitaka kumkasirikia. Lakini koti langu na mimi nilikuwa nimeshalivua, liko kwenye kiti, na sikukumbuka nimelivua saa ngapi. Nikamwambia sijui, mzee wangu, labda aulize kwa yule ofisa mlangoni.

Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda mlangoni. Akakuta foleni.